Sare za majeshi na nguo za bendera zishonwe hapa kwetu

Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala inapita Malaba, jirani na Mella ya upande wa Uganda, na nyingine inavukia Busia. Kwa malango hayo mawili pamba ya Uganda hutoka ikiwa imeshindiliwa kwenye marobota, kuelekea bandarini. Kwa malango hayo hayo nguo huingia. Miongoni mwake zimo fulana zenye korongo wa Uganda kifuani, kofia zenye ngao na mikuki ya Kenya, na vitambaa vya rangi za bendera vinavyouzwa kwa wingi wiki ya Oktoba 9 upande mmoja na wiki ya Desemba 12 upande wa pili. Geuza kola ya fulana kama hiyo usome lebo yake. Mara nyingi utakuta jina la nchi ya Asia. Gazeti hili linasema wazi kwamba hilo ni kosa, na kwamba kosa huwa kubwa zaidi serikali yenyewe inapoagiza kutoka ng'ambo sare za askari wake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kila nguo ishonwe hapa. Mama anayefungua bale ya mitumba Busia alfajiri na kuchambua kamera, yaani nguo bora zaidi, kabla wateja hawajafika analipa karo kwa kazi hiyo, na suruali ya jinzi haina uraia. Tunazungumzia aina mbili za nguo tu: ile inayobeba alama ya taifa, na ile ambayo dola humvisha mtu ili awe na mamlaka juu yetu. Nguo hizo mbili hazipaswi kuamuliwa kwa bei peke yake.

Eneo hili la mpakani lina haki ya kulisema jambo hili kuliko maeneo mengi. Pamba ya biashara iliingia Uganda mwaka 1903, na mashariki ya nchi, Teso, Bukedi na Busoga, ndiko ilikoshika mizizi. Wateso wa pande zote mbili za mpaka waliilima. Upande wa Kenya palikuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba Malakisi, na kingine Mulwanda kule Samia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa ikivuna zaidi ya marobota 400,000 kwa mwaka. Watu wazima wa Tororo, upande wa Uganda, wanakumbuka kwamba fedha ya pamba ndiyo iliyolipa kodi, ikaezeka mabati na kusomesha watoto. Leo Tororo bado inalima pamba, lakini sehemu kubwa mno ya pamba ya Uganda inauzwa nje ikiwa ghafi. Faida ya kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona inabaki kwa wengine.

Wapo watakaosema hatuna viwanda. Si kweli. Jinja kuna Nyanza Textile, NYTIL kama inavyojulikana, kiwanda kilichoanza enzi za ukoloni na kukua kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Kiliyumba, kikafa ganzi, kikauzwa kwa wawekezaji binafsi, na kimeshona sare za jeshi la Uganda, UPDF. Eldoret kuna Rivatex, iliyoanzishwa mwaka 1976, ikaanguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kisha ikafunguliwa upya mwaka 2019 kwa mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo wa India. Septemba 2018, Kenya ilipotangaza sare mpya ya buluu ya polisi, serikali iliamua ishonwe na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Athi River maelfu ya Wakenya wanashona nguo za maduka ya Marekani, kwa viwango ambavyo Wamarekani wenyewe wanavikubali. Mtu anayeweza kumshonea mteja wa Chicago hawezi kushindwa na gwanda la askari wa Busia.

Kinachokosekana ni mnunuzi anayeahidi na kutimiza. Kiwanda cha nguo hakiishi kwa hotuba za sikukuu. Kinaishi kwa oda inayojulikana miaka mitatu mbele, ili mwenye kiwanda anunue uzi, na mwenye uzi amwambie mkulima apande. Jeshi, polisi, magereza na askari wa wanyamapori ni wanunuzi wa aina hiyo hasa. Wanajua wana watu wangapi, wanajua sare huchakaa baada ya muda gani, na hawalali njaa wakisubiri wateja. Hakuna sokoni mnunuzi mwenye uhakika kuliko wao. Oda yao ikipelekwa ng'ambo, kiwanda cha hapa kinanyimwa mteja wa pekee ambaye angeweza kukitegemeza.

Hoja ya bei tunaijua. Kitambaa cha hapa mara nyingi ni ghali zaidi, kwa sababu umeme ni ghali, mitambo mingi ni ya zamani na mikopo ina riba kubwa. Lakini anayelinganisha bei mbili kwenye karatasi ya zabuni asiishie hapo. Shilingi iliyolipwa Jinja au Eldoret inarudi kwa kodi, mshahara, mzigo wa lori na kilo ya pamba ya mkulima. Shilingi iliyolipwa ng'ambo imekwenda. Sera ya Uganda ya kununua bidhaa za nyumbani, BUBU, inasema hivyo. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 inatoa upendeleo kwa bidhaa za ndani. Maandishi yapo, kinachotakiwa ni maofisa wa zabuni wayaheshimu.

Tena, hapa hakuna anayeweza kutuzuia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoazimia mwaka 2016 kuachana na mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kutunyima AGOA, nafuu ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikasimama, ikapandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Agosti 2023, akiwa Mbale, si mbali na Tororo, Rais Museveni alitangaza tena kuwa mitumba ipigwe marufuku. Mitumba ingali sokoni. Lakini sare za askari ni jambo jingine. Hakuna nchi ya Jumuiya iliyotia saini mkataba wa WTO wa ununuzi wa serikali. Serikali ikitaka kumvisha askari wake kitambaa cha nyumbani, haihitaji ruhusa ya Washington wala ya Geneva.

Hao Wamarekani wenyewe wanafanya nini? Tangu mwaka 1941 wana sheria, Berry Amendment, inayolazimisha wizara yao ya ulinzi kununua nguo zilizotengenezwa kwao, kuanzia nyuzi ghafi. Oktoba 2000 jeshi lao lilitangaza kila askari avae bereti nyeusi, muda ukawa mfupi, sheria ikalegezwa na sehemu ya oda ikapelekwa nje, ikiwemo China. Bunge lilipogundua lilikasirika, na Mei 2001 wizara ikaagiza bereti za China zisivaliwe. India nayo kwa miongo mingi ilitaka bendera yake iwe ya khadi, kitambaa kinachosokotwa na kufumwa kwa mkono. Desemba 2021 ikaruhusu bendera za polyester za mashine, na wafumaji wa bendera wa mji wa Hubballi wakalalamika kuwa kazi imepungua. Nchi hizo mbili, moja tajiri na nyingine iliyopigania uhuru wake kwa gurudumu la kusokotea, zimetambua kwa miongo mingi, hata zilipolegeza kanuni, kwamba nguo ya taifa hainunuliwi kama sufuria.

Liko pia suala la usalama, nalo mpakani tunaliona kwa macho. Ndani ya bale za mitumba huwamo suruali na jaketi za kombati za majeshi ya Ulaya na Marekani. Zinapita forodhani zikiwa zimelipiwa ushuru, zinauzwa hadharani, kisha kijana wa bodaboda anayenunua suruali kama hiyo kwa sababu ni ngumu na haichakai upesi anakamatwa kwa kuivaa. Sheria za Kenya na Uganda zinamkataza raia kuvaa nguo za kijeshi bila ruhusa, na Uganda ilikwenda mbali zaidi Septemba 2019 ilipotangaza kwenye gazeti la serikali kuwa bereti nyekundu, iliyokuwa imeshakuwa vazi la wafuasi wa upinzani, ni mali ya jeshi. Afrika Mashariki imeona majambazi na magaidi waliovaa sare za askari, kwa hiyo hatupingi katazo lenyewe. Tunapinga kumwadhibu mvaaji huku mwingizaji akiachwa. Kombati ikamatwe forodhani, Malaba na Busia, kabla ya bale kufunguliwa, na mwenye kontena ndiye aulizwe. Aidha, kiwanda cha ng'ambo kinachoshona sare yetu kinabaki na mchoro na mabaki ya kitambaa. Nani anahesabu mita zilizobaki?

Ugumu wa kweli uko kwetu wenyewe: kila nchi inaposema nyumbani, inamaanisha ndani ya mpaka wake tu. Uganda ina pamba nyingi kuliko inavyoweza kufuma. Kenya ina viwanda vya kufuma na mafundi wengi, lakini pamba yake haitoshi, na viwanda vyake vimekuwa vikinunua kutoka Uganda na Tanzania. Mtu wa Mella anaona upuuzi wa jambo hili kwa urahisi, maana jamaa zake wako Amagoro, upande wa Kenya, na mashamba yao yanatazamana. Hatuoni sababu kwa nini kitambaa cha sare ya polisi wa Kenya kisitokane na pamba ya Tororo, au kwa nini kiwanda cha Jinja kisiuze kitambaa Eldoret bila vikwazo. Kila nchi ibaki na mshono, vipimo na nembo zake, mikononi mwa NYS, magereza au karakana za jeshi. Uzi na kitambaa vivuke mpaka kwa uhuru. Ushuru wa pamoja wa asilimia 35 kwa nguo kutoka nje, ulioanza Julai 1, 2022, una maana tu iwapo nchi wanachama zitaacha kuomba misamaha ya ushuru huo kila mwaka.

Kuhusu fulana na kofia za bendera, tunataka jambo dogo na la haraka. Taasisi yoyote ya umma, wizara, kaunti, wilaya au shule, isinunue hata moja iliyotengenezwa nje ya Jumuiya. Vyama vya siasa vinavyojinasibu kwa uzalendo wakati wa kampeni vifuate hivyo hivyo, na wapiga kura wavisomee lebo. Mfanyabiashara mdogo tunamwachia uhuru wake. Akipata fulana nzuri ya hapa kwa bei anayoiweza, ataiuza.

Bajeti za Kenya na Uganda husomwa mwezi Juni, msimu ambao mkulima wa Tororo anaamua apande pamba au aache. Wizara za ulinzi na za usalama wa ndani za Kenya na Uganda zitangaze kabla ya siku ya bajeti kila sare inashonwa wapi, kwa kitambaa cha nani, na mkataba wa ng'ambo unaoendelea, kama upo, unakwisha lini. Mkataba huo usihuishwe.