Tunaiga Uharibifu
Juzi mdogo wangu alimpiga mama picha kwa simu, kisha akaitia umanjano, chengachenga na mikwaruzo. "Ya kizamani hii," akajisifu. Nikamwambia aifute.

Nyumbani tuna picha moja tu ya babu. Unyevu umeula uso wake, imebaki kanzu. Mpiga picha hakukusudia hivyo. Katika studio kama Capital Art, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, watu walivaa nguo bora, wakakaa kwenye mwanga ili waonekane sawasawa. Umanjano huja baadaye, kwa joto, unyevu na dawa za kusafishia picha zisizosuuzwa vizuri.

Huo si uzamani, ni uharibifu. Nanyi mlio na sura kamili za wazazi wenu, mnazichakaza kwa hiari? Mimi ningeitoa simu yangu nione pua ya babu.