Malik Si Mfalme wa Kiswahili

Imekuwa desturi, mzazi akitaka kujua maana ya jina Malik, mwalimu wa Kiswahili ajibu pasipo kufikiri: "Ni Kiswahili, maana yake mfalme." Jibu hilo twalipinga, ingawa baadhi yetu tumelitoa kwa miaka mingi, na wazazi wakaenda zao wamefurahi.

Mswahili barazani hamwiti mtawala malik, humwita mfalme. Ajabu ni kwamba mtawala mwanamke tumemwazimia jina kwa Waarabu: malkia. La mke tulilitwaa, la mume tukaliacha. Milki, mmiliki na mamlaka ni jamaa wa shina lilo hilo, nayo tumeyafanya yetu kabisa.

Liko kosa zito zaidi. Kiarabu kina majina mawili hapo. Moja lina irabu fupi, nalo ni mfalme. Jingine lina irabu ndefu mwanzoni, Maalik, nalo ni mwenye kumiliki. Imamu Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 795, ni wa hilo la pili. Tena katika Kurani, Surat Zukhruf, Maalik ndiye malaika mlinzi wa Jahanamu! Kwa Kiswahili yote hutamkwa Maliki. Basi mwalimu anayemwahidi mzazi ufalme, amehakikisha ni lipi?

Wazee wa Kiislamu walijihadhari. Kwa kuwa Al-Malik ni miongoni mwa majina ya Mungu, wengi walimwita mtoto Abdulmalik, yaani mtumwa wa Mfalme. Hiyo ni kinyume cha fahari inayotafutwa leo.

Hatusemi jina liachwe. Malcolm X, aliporudi kutoka Hija mwaka 1964 akijiita El-Hajj Malik El-Shabazz, hakuomba kibali cha Kiswahili. Wala hawakukiomba Wamarekani Weusi waliowaita wana wao Malik baada yake, hata jina likaenea. Nao Wakristo wanaodhani ni la Waislamu peke yao, na wafunue Mwanzo 14: Melkisedeki, mfalme wa Salemu, amelibeba shina hilo kwa Kiebrania. Na anayetaka ufalme wa huku kwetu, Rwanda na Burundi walikuwa na mwami, Buganda wana kabaka.

Ndugu walimu, mzazi akija tena, tumwulize kwanza: Malik wenu, kwa herufi za Kiarabu, ana alifu baada ya mimu, au hana?