Bastola: Kabla Hujauliza Bei

Kijana, ukisikia bastola swali lako la kwanza ni aina gani na pesa ngapi. Pole pole. Hapa Kenya, bila cheti cha Bodi ya Leseni za Bunduki, hiyo si kinga, ni kesi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiulizi nia yako ilikuwa nzuri kiasi gani. Na wewe wajua vile kijana wa Eastleigh au Majengo anavyotazamwa na polisi. Chuma cha kuazima kwa rafiki ni kumpa sababu mtu aliyekuwa anaitafuta.

Septemba 21, 2013, Abdul Haji aliingia Westgate na bastola yake ya leseni, akasaidia kutoa watu. Wengi tunakumbuka picha tu. Lakini cheti alikuwa nacho tayari, na silaha alijua kuitumia.

Umepata cheti? Chagua inayokaa vizuri mkononi, kidole kifike kwa triga bila kunyooshwa. Usidanganywe na zile ndogo za mfukoni. Hizo ndizo huruka zaidi zikipigwa, na shabaha inapotea. Fanya mazoezi uwanjani, na mwalimu, mara kwa mara, si siku ya kununua pekee. Kila bastola ichukulie ina risasi, hata uliyoitoa magazini sasa hivi, maana moja hubaki ndani ya chemba. Kidole nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Na nyumbani ifungie, ufunguo utembee na wewe, kwa sababu watoto wanajua kila droo ya mama yao.