Mafuta Hayakuleta Elimu

Ndugu msomaji, si jambo geni siku hizi mtu wa pwani yetu kupanda ndege akaenda Maskati kuzuru jamaa zake. Huko hupelekwa masokoni na kwenye ngome, na wengine hupelekwa Mina al-Fahal kutizama maonyesho ya mafuta na gesi, yaliyofunguliwa na kampuni ya PDO mwaka 1995. Hurudi na picha, na pamoja na picha huja na neno ambalo limekuwa kama wimbo barazani: "Wenzetu wamejaaliwa mafuta, sisi hatukujaaliwa." Neno hili lataka kujibiwa, maana linawalegeza vijana wetu, na mwenye kulisema amepita mbele ya jawabu lake wala asilione.

Jawabu ni hili. Kisima cha kwanza cha Fahud kilianza kuchimbwa mwaka 1956. Vyombo vilichukuliwa jangwani kwa taabu kubwa, watu wakachimba, na kisima kikatoka kikavu. Mwaka 1960 wengi wa washirika katika kampuni walijitoa. Wakabaki Shell na Partex. Hao waliobaki wakapata mafuta Yibal 1962, kisha Natih 1963, na mwaka 1964 yakapatikana Fahud hapo hapo, mita mia chache tu kutoka kile kisima kikavu. Shehena ya kwanza ikasafirishwa Julai 1967.

Basi tujiulize. Waliojitoa na waliobaki, ardhi yao ilikuwa moja, na kilichokuwa chini yake kilikuwa kile kile. Kilichowatenga ni nini, ila subira na elimu ya kusoma mawe? Mwenyezi Mungu aliyaweka mafuta yale ardhini zamani za kale, kabla hapajakuwa na mji wala kabila. Na waliochunga ngamia juu yake karne na karne hawakufaidi hata pipa moja, kwa kuwa hawakuyajua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Atasema mwenye kusema: "Walioinama ni wageni, wenyeji walipewa tu." Huyu nitamjibu kwa jambo tulijualo sote. Baada ya 1970, wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Zanzibar na pwani hii walihamia huko, na miongoni mwao walikuwamo waliotolewa majumbani mwao na mapinduzi ya 1964. Walikwenda bila ya mali. Lakini walikuwamo waliosoma na kujua Kiingereza, na nchi ile mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Wakaingia serikalini, mashuleni, na katika kampuni ya mafuta yenyewe. Nasaba iliwafungulia mlango wa nchi. Mlango wa kazi ulifunguliwa na elimu. Na serikali ilipochukua asilimia 60 ya kampuni mwaka 1974, ilihitaji watu wa kuusimamia mzigo huo, maana mwenye hisa asiye na wajuzi hana ila karatasi.

Kwa hiyo usiseme mafuta yalileta elimu. Elimu ndiyo iliyoyatoa mafuta, na elimu ndiyo iliyoyageuza kuwa barabara na hospitali.

Amma jambo la pili, ni namna ya kutizama. Mwenye duka hasemi mizani yake ni mbovu, na kampuni inapojisimulia yenyewe, wajibu wa msikilizaji ni kuuliza. Uliza matatu: nani alifanya kazi, nani aliumia, na kimebaki nini?

Wanorwe wana makumbusho yao ya mafuta katika mji wa Stavanger, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Hawakuonyesha mitambo ing'aayo peke yake. Wamehifadhi pia kumbukumbu za Alexander L. Kielland, jengo la baharini walimolala wafanyakazi, lililopinduka tarehe 27 Machi 1980 baada ya mguu wake mmoja kukatika. Ndani walikuwamo watu 212, walikufa 123. Taifa lililo tayari kuonyesha makaburi yake pamoja na mali yake, hilo linastahili kusikilizwa.

Na kimebaki nini? Walitunga sheria ya akiba mwaka 1990, wakaanza kuweka fedha 1996, na mwaka 2001 wakajiwekea kanuni ya kutumia kadiri ya faida tu, asili isiguswe. Sisemi tuige riba. Riba yajulikana hukumu yake. Nasema nidhamu hiyo wazee wetu waliijua katika wakfu: shamba hufungwa, nazi huliwa. Leo mashamba mangapi ya wakfu yameliwa pamoja na minazi yake?

Turudi kwetu. Gesi ya Songo Songo ilipatikana 1974. Ikafika kutumika Dar es Salaam 2004, miaka thelathini baadaye. Mafuta ya Turkana yalipatikana 2012. Basi ile kauli ya "hatukujaaliwa" ni uwongo. Na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilifanya kazi tangu miaka ya 1960 hata kikasimama 2013. Ami yako au babu yako aliyeshinda pale na vumbi na joto, umepata kumuuliza alifanya kazi gani, na alijifunza nini? Au wangojea naye azikwe na habari zake, kisha ulipe nauli ya ndege ukatizame za wengine?

Nenda Maskati, msomaji. Kuzuru jamaa ni jambo jema. Ingia katika maonyesho yale, na mtoto wako umshike mkono. Lakini usimwonyeshe mali ya watu akatamani. Mwonyeshe kisima kikavu cha 1956, umwambie: wenye kujua walirudi papo hapo wakachimba tena. Kisha ukifika nyumbani, mnunulie vitabu vya hisabati kabla ya kumnunulia simu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.