Kiwanja cha Kisesa na gari la silinda sita



Juma hili nilikusudia kuandika juu ya jambo jingine kabisa. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, alinijia mama mmoja mjane wa parokia yetu, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, na kwa kitambo kirefu hakusema neno. Hatimaye akaniambia: "Baba Paroko, njoo uone kilichosimama uani kwangu." Nilikwenda. Chini ya mwembe, juu ya mawe manne, palikuwa na Toyota Mark II nyeupe ya mwaka 1997, rimu zake zimeegemezwa ukutani, boneti limeinuliwa, injini imefunguliwa nusu na kufunikwa kwa turubai. Kijana wake mkubwa alilinunua gari hilo kwa shilingi 14,000,000. Fedha zilitokana na kuuzwa kwa kiwanja cha Kisesa, ambacho marehemu mumewe alikiacha kwa ajili ya watoto wote watatu. Na sasa kijana anamtaka mama yake amdhamini mkopo katika kikundi cha akina mama, ili anunue injini nyingine, ile ya turbo.

Nilipomkabili kijana mwenyewe, alinijibu kwa adabu, akiwa ameshika spana mkononi: "Padre, kiwanja kinapanda bei, na gari hili nalo linapanda bei. Tofauti iko wapi?"

Nakiri kwamba siku ile sikumjibu ipasavyo. Nilikasirika, nikasema maneno ya kikasisi juu ya anasa, naye akanisikiliza kama vijana wanavyotusikiliza tunaposema maneno ya kikasisi. Swali lake lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu la haki. Naomba nimjibu leo mbele yenu nyote, kwa maana si yeye peke yake anayeliuliza. Kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na huko Geita kwa wachimbaji wetu, maneno ni yale yale: nunua Mark II, nunua Chaser, nunua Subaru Impreza ya zamani, hayo si magari, hayo ni akiba, hayashuki bei.

Kwanza nikubali lililo kweli. Ni kweli kwamba magari madogo ya zamani yenye injini kali yamepanda bei duniani kote. Mercedes-Benz 190 E Evolution II ya mwaka 1990 ziliundwa 502 tu, na matajiri wa Ulaya wanazigombania kwa fedha za kununulia nyumba. BMW M3 ile ya kwanza, iliyoanza mwaka 1986, iko katika kundi hilo hilo. Na Japani nayo ina zake. Mark II, Chaser na Cresta ni ndugu watatu wa tumbo moja; toleo lao la namba 100 lilitoka mwaka 1996 na kukoma yapata mwaka 2001. Wale waliokuwa na injini ya lita 2.5, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, pamoja na turbo, walitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kwa sababu makampuni ya Japani yalikuwa yamepatana yasitangaze zaidi ya hapo, na mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2004.

Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1988, huliruhusu gari la kigeni kuingia bila kutimiza masharti yake ya usalama likishafikisha umri wa miaka 25. Gari la mwaka 1996 lilifungukiwa mlango huo mwaka 2021. Hapo Mmarekani aliyekuwa akilitamani tangu ujana wake aliingia mnadani Japani na dola zake, akakutana huko na wakala wetu anayemnunulia mtu wa Mwanza. Nadhani hamhitaji mwalimu wa hesabu kujua nani alishinda.

Bandarini Dar es Salaam nako kuna hesabu yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini inayozidi lita 2 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. Juu ya hayo yote huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Ukikokotoa kwa utaratibu, kodi peke yake inaizidi thamani ya gari pamoja na nauli yake ya meli. (Sina neno na serikali kutaka hewa safi, ila dereva wa teksi wa Kirumba anayetafuta gari la kulishia watoto hutozwa asilimia 30 hiyo hiyo ya uzee anayotozwa mpenda mbwembwe. Hilo tuliache kwa leo.) Jirani zetu wamefunga mlango kabisa: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 haipokei lililofikisha miaka 15. Kwa hiyo ni kweli, mwanangu, yaliyopo ni machache na yanazidi kupungua. Kufikia hapo uko sahihi.

Sasa nisikilize.

Nilikuomba kadi ya gari, ukanipa. Namba ya chasisi inaanza na GX100. Herufi hizo zina maana. Ile inayogombaniwa huko mnadani ni JZX100, na hata kati ya hizo, inayosakwa ni yenye turbo, hasa ya gia za mkono, ambayo haijabadilishwa kitu na ina karatasi zake zote. Yako iliondoka kiwandani na injini ya lita 2 isiyo na turbo, na gia za kujiendesha zenyewe. Ni gari jema. Wazee wengi wa mji huu wameliendesha kwenda kazini na kanisani bila kumtisha mtu. Lakini bei uliyotozwa ni bei ya jina la ndugu yake. Aliyekuuzia alikuonyesha picha za magari ya Japani yakiteleza kwa upande na moshi ukifuka, akakuuzia teksi iliyovaa koti la mwanariadha. Na wewe, ili uongo wake ugeuke kuwa kweli, unataka kuing'oa injini nzima yenye afya na kuweka nyingine iliyotolewa katika gari lililogongwa, ambayo hujui ilitunzwaje. Siku utakapomaliza, hutakuwa na gari la asili wala gari la kutegemewa. Yule Mmarekani unayemtegemea apandishe bei hatalitazama mara mbili.

Na hata lingekuwa lile lenyewe, nani atalinunua hapa? Tuseme ukweli juu ya mji wetu. Atakayelinunua ni kijana mwingine kama wewe, ambaye amepata fedha za dagaa katika msimu mzuri, au ameangukia mfuko wa mawe mazuri huko Geita. Dagaa wakikosekana, mnunuzi huyo hayupo. Kinachoitwa bei hapa Mwanza ni matumaini yanayopokezanwa na vijana, mkono kwa mkono, na dalali akichukua chake kila yanapopita. Dalali hajawahi kupata hasara katika mchezo huu. Muulizeni yeye mwenyewe anaendesha gari gani. Wengi wao wanapanda bodaboda na kujenga nyumba Buhongwa.

Ama kiwanja. Uliuliza tofauti, nami nakwambia: kiwanja cha Kisesa kinapanda bei kwa kuwa mji unakwenda kukifuata. Kila anayejenga kando yake anakiongezea thamani. Kila nguzo ya umeme na kila bomba la maji linalopita linakiongezea thamani, na wewe umelala. Gari lako linapanda bei, kama linapanda, kwa kuwa mengine ya aina yake yanakufa, nalo liko katika foleni hiyo hiyo ya kufa. Kiwanja hakinywi petroli ya oktani ya juu. Hakidai tairi nne, shokapu na mpira wa injini unaosubiriwa wiki tatu kutoka Dar es Salaam. Kisha kiwanja kinagawanyika kwa watoto watatu. Dada zako wawili utawapa nini, mmoja boneti na mwingine milango ya nyuma?

Liko na jambo zito kuliko fedha. Usiku wa Ijumaa, nikiwa kitandani, nawasikia mkipanda barabara ya Nyerere, Nyakato hadi Igoma, mabomba ya moshi yamekatwa ili yapige kelele. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, na kile kivuko cha Kigongo na Busisi kikaacha kutupanga foleni, vijana wananisimulia kwa fahari mwendo walioufikia juu ya kilomita zile 3 za maji. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Nguvu za farasi 280 ziliwekwa katika gari lile likiwa jipya, na breki mpya, mipira mipya, na barabara za Japani. Sisi tunaziweka katika bodi lenye umri wa karibu miaka 30, juu ya tairi zilizokwisha kutumika kwingine, katika barabara ambayo mama wa Mabatini anaivuka akiwa na beseni la samaki kichwani. Mwaka jana niliombwa kubariki gari la namna hiyo. Nikauliza tairi zilitengenezwa lini, mwenyewe hakujua. Sikulibariki. Alinuna, akaenda kutafuta padre mwingine, na sijui kama alimpata.

Msidhani nasema haya kwa kuwa siyajui magari au siyapendi. Nimekulia katika gereji ya mjomba wangu, na hadi leo nikisikia silinda sita zilizopangwa vizuri zikinguruma taratibu, nasimama. Kutengeneza kitu vizuri ni kazi njema, na anayekitunza anastahili heshima. Wale mafundi wa Nyakato ambao wanaweza kuifunga injini upya bila kitabu, ningependa siku moja niwaandikie makala yao. Lakini kumbukeni jinsi nchi hii ilivyopata jina katika mambo ya magari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, pamoja na Chris Rothwell, walizishinda kwa Peugeot 404. Na 404 ilikuwa nini? Gari la familia, gari la teksi, gari la mganga wa wilaya. Lilishinda kwa kuwa lilivumilia matope na lilitengenezeka chini ya mti. Leo, katika mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, watu wenye fedha kutoka Ulaya huja kuyaendesha magari ya enzi hizo katika nchi zetu kwa gharama kubwa. Waje, wanatumia fedha zao za ziada. Kinachonichoma ni kumwona mtoto wa mvuvi akilipia burudani ile ile kwa urithi wa dada zake.

Na lawama hii isimwangukie kijana peke yake. Nani alimfundisha kwamba gari ni cheo? Katika harambee zetu, mwenye gari la kunguruma ndiye anayeitwa meza ya mbele, na aliyekuja kwa miguu na shilingi 2,000 zake anasimama karibu na mlango. Mimi mwenyewe nimewahi kushika kipaza sauti na kumtambulisha mtu kwa gari lake kabla ya jina lake. Wazazi mnaulizana, wa kwako ameshanunua? Hamwulizani, wa kwako ameshajenga? Halafu mtoto akiuza kiwanja tunapigwa na butwaa.

Yule mama, kwa taarifa yenu, alitia sahihi mauzo ya kiwanja kwa hiari yake. Mwanawe alimwonyesha picha katika simu, bei ya jana na bei ya leo, na yeye, ambaye maisha yake yote ameuza furu na sangara wa kukaanga pale Igogo, akaona labda dunia imebadilika bila yeye kujua. Hakulaghaiwa kwa uchoyo wake, alimwamini mtoto.

Nilimwita kijana aje parokiani Jumanne jioni pamoja na fundi wake. Fundi alifika, mtu mnyofu mwenye mikono myeusi kwa oili. Akaniambia injini ya lita 2 haina ubaya wowote, kwamba aliifungua kwa kuwa aliagizwa, na kwamba kuirudisha mahali pake ni kazi ya siku 3. Likirudi barabarani linaweza kufanya teksi kati ya mjini na uwanja wa ndege, na kila mwisho wa mwezi dada wawili wakapata chao. Tuliyaandika hayo kwenye karatasi, na gharama zake.

Kijana hakuja. Kikundi cha akina mama kinakutana Jumamosi saa 9 alasiri, na fomu ya udhamini bado iko kwenye mkoba wa mama, haijatiwa sahihi.