Laiki, Heshima na Ahadi ya Pamoja: Wito kwa Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera

Wito huu unaelekezwa kwa wakazi wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zina jumla ya watu wanaokaribia milioni 2.5, na unahusu jambo ambalo hadi sasa limeachiwa kila mzazi na kila kijana alikabili peke yake, yaani mazoea ya kupima thamani ya mtu kwa idadi ya laiki anazopata mitandaoni. Laiki ni alama ya kupendezwa ambayo mtazamaji huibonyeza chini ya picha, video au maandishi ya mwenzake; Facebook iliiingiza katika mtandao wake Februari 2009 kwa umbo la dole gumba, na mitandao mingine, hasa Instagram na TikTok, ikaipa umbo la moyo. Alama yenyewe haina ubaya wowote. Tatizo limo katika tarakimu iliyo kando yake, inayoonekana na kila apitaye, ambayo imeifanya pongezi, iliyokuwa neno la mtu kwa mtu, kuwa hesabu ya hadharani isiyofungwa usiku wala mchana.

Wanasaikolojia huita kujithamini ile tathmini ambayo mtu hujifanyia juu ya ubora wake mwenyewe. Mwaka 1995 Mark Leary na wenzake nchini Marekani walitoa nadharia kwamba kujithamini si hazina iliyofungiwa moyoni mwa mtu, bali ni kipimo, mfano wa geji ya mafuta katika gari, kinachomwarifu mtu ni kwa kiasi gani anakubalika kwa wenzake, kikipanda anapopokewa vizuri na kushuka anapohisi kutengwa. Ikiwa nadharia hiyo ni sahihi, basi kijana anayefungua simu kila baada ya dakika chache ili atazame laiki zake hafanyi upuuzi, kwa kuwa anasoma kipimo ambacho binadamu wote wanacho. Kilichobadilika ni kwamba kipimo hicho, kilichozoea sauti na nyuso za watu wanaomjua mhusika, sasa kinalishwa ishara za watu wasiomjua, waliotumia nusu sekunde kumtazama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa 2016, uliwaweka vijana 32 wa umri wa miaka 13 hadi 18 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonyesha picha zilizoandikwa idadi ya laiki, idadi ambayo kwa kweli watafiti wenyewe ndio walioipanga. Sehemu ya ubongo inayohusika na raha ya kutuzwa ilichangamka zaidi vijana hao walipoona picha zao zimepata laiki nyingi, na tena walielekea kuipenda picha yoyote iliyokwisha kupendwa na wengi, hata iliyoonyesha sigara au pombe.

Haki inadai isemwe pia kwamba wataalamu hawajakubaliana juu ya ukubwa wa madhara. Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha mwaka 2019, baada ya kuchambua takwimu za mamia ya maelfu ya vijana, kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana mmoja na mwingine. Matokeo hayo yanatosha kumzuia mtu mwenye busara asitangaze kwamba simu imeangamiza kizazi kizima. Hata hivyo wastani una tabia ya kuwaficha wanaoumia zaidi: nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, zilizotolewa hadharani 2021 na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wasichana ambao tayari walijihisi vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwazidishia hisia hiyo. Msichana wa aina hiyo hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wenzake wengi hawana neno.

Swali ambalo wito huu unalishughulikia, kwa hiyo, si kama laiki ni sumu au si sumu, bali ni kwa nini watu wanaochoshwa nazo hawaziachi. Jibu lenye nguvu zaidi lilitolewa 2023 na Leonardo Bursztyn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago na vyuo vingine, waliowauliza zaidi ya wanafunzi 1,000 wa vyuo vya Marekani ni malipo gani yangewafanya wafunge akaunti zao kwa wiki nne. Kwa wastani mwanafunzi alitaka alipwe dola 59 ili aache TikTok na dola 47 ili aache Instagram, maadamu wenzake wangebaki. Lakini alipoulizwa kuhusu hali ambayo chuo kizima kingeacha pamoja, yeye akiwemo, alikuwa tayari kutoa fedha zake mwenyewe, dola 28 kwa TikTok na dola 10 kwa Instagram, ili jambo hilo litendeke. Wachumi hao waliita hali hiyo mtego wa pamoja, maana yake hali ambayo kila mmoja anaona heri isingalikuwepo, na bado kila mmoja anaogopa kutoka peke yake asije akabaki nje ya mazungumzo ya wenzake. Mtego wa namna hiyo haufunguki kwa nasaha za mzazi kwa mwanawe, hata ziwe za hekima namna gani, kwa sababu kinachomshika kijana humo ni wenzake wote.

Katika Kaskazini Mashariki ya Kenya mtego huu una sura yake, inayoonekana katika mambo mawili, heshima ya ukoo na picha za misaada. Heshima ya mtu katika eneo hili, lenye Wasomali wengi zaidi ya jamii nyingine, haikuwa kamwe mali ya mtu mmoja, kwani ilichangiwa na ukoo na kuangaliwa na wazee, na mara nyingi iliinuliwa au kushushwa kwa ushairi. Anayetaka kuona tofauti kati ya sifa ya zamani na ya sasa na alinganishe mambo mawili. Mwaka 1979 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alianzisha huko Somalia mjadala wa kishairi ulioitwa Deelley, ulioshambulia ukabila, na washairi wengi, Hadraawi akiwemo, wakajibizana naye kwa beti zilizosambazwa kwa kaseti. Mshairi alipata jina kwa sababu wasikilizaji walisikiliza hadi mwisho, walijua kanuni za fani, na waliweza kumjibu. Leo, katika TikTok, yako matangazo ya mubashara yanayoitwa mechi, ambamo watu wawili hushindana kwa dakika chache huku mashabiki wakibonyeza mioyo mfululizo na kutuma zawadi zinazonunuliwa kwa fedha halisi, na katika mitandao ya Wasomali mechi hizo mara nyingine hupangwa kwa jina la koo. Kile ambacho ushairi wa kaseti ulikilaani, mechi ya mubashara inakiuza, kampuni inakata fungu lake, na kijana wa Garissa aliyetoa shilingi zake za mwisho ili ukoo wake usishindwe anaamini kwamba ameilinda heshima ya ukoo huo.

Jambo la pili ni picha za misaada. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambamo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na mifugo ikafa kwa wingi, ulileta katika eneo hili wafadhili wa kila aina, na pamoja nao kamera: mama aliyeshikishwa gunia la unga, mzee aliyepigwa picha akipokea dumu la maji, mtoto aliyeelekezwa aseme ahsante. Mafuriko ya mto Tana mwishoni mwa 2023 yalirudia mtindo ule ule. Katika mjadala wa laiki na kujithamini huzungumzwa sana anayeposti, na karibu asizungumzwe anayepostiwa, ilhali yeye ndiye anayelipa gharama kubwa zaidi, kwa kuwa umaskini wake unageuzwa kuwa pongezi kwa mwingine na unabaki mtandaoni hata baada ya mvua kunyesha na mbuzi wake kuzaana. Maulamaa wa eneo hili hawahitaji kufundishwa jina la jambo hili. Riyaa, yaani kufanya wema ili uonekane na watu, ilichambuliwa kwa kina na Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din alitenga kitabu kizima kwa ajili ya kupenda jaha na riyaa, akieleza kwamba anayetafuta jaha anatafuta kumiliki nyoyo za watu kama vile mwingine anavyotafuta kumiliki mali. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Wapo watakaosema kwamba makubaliano ya watu wengi juu ya jambo la kila siku hayawezekani katika eneo lenye koo na vyama vingi namna hii. Historia ya Wajir inawapinga. Mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalipofika sokoni, hata wanawake wa koo mbalimbali wakakataa kuuziana, kundi la wanawake ambalo Dekha Ibrahim Abdi alikuwa miongoni mwake halikungoja amri ya serikali. Mwaka 1993 walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, ataingia sokoni na kuuza na kununua, wakaweka kamati ya kusimamia jambo hilo, kisha wakawavuta wazee na vijana, na mwaka huo huo wazee wakafikia Azimio la Al-Fatah. Dekha, aliyefariki 2011, alipewa mwaka 2007 tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata. Vita vya koo na laiki si mizani moja, na hakuna anayedai hivyo. Kinachoazimwa hapa ni njia tu, kwamba kila mmoja alijua anachokiacha, aliona kwamba mwenzake naye anakiacha, na palikuwa na watu waliopewa kazi ya kuangalia.

Kwa msingi huo, wananchi wanaombwa waanze na shule na vyuo. Shule nyingi za mabweni haziruhusu simu, kwa hiyo tarakimu hizi humrudia mwanafunzi wakati wa likizo, na ndiyo maana ahadi ya kuzificha inapaswa kufungwa darasani kabla ya likizo kuanza, darasa zima kwa pamoja. Tangu Mei 2021 Instagram na Facebook zinamruhusu mtumiaji kuficha idadi ya laiki, zake na za wengine, lakini kampuni inayoimiliki mitandao hiyo miwili, baada ya majaribio yaliyoanza Kanada 2019 na kuwagawa watumiaji, iliamua kumwachia kila mtu achague mwenyewe, yaani ilimrudisha kila mtu ndani ya mtego ule ule wa kuamua peke yake. Darasa linaloficha tarakimu siku moja, na vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa na North Eastern National Polytechnic vinavyofanya hivyo kwa mwezi mmoja na kisha kupima matokeo kwa mjadala wa wazi, vitafanya kile ambacho kampuni haikukifanya. Kamati za misikiti, madugsi (vyuo vya Kurani), mashirika ya misaada na wawakilishi wa wadi wanaombwa watangaze kwamba picha za misaada zitaonyesha magunia, visima na hesabu za matumizi, na hazitaonyesha uso wa mpokeaji. Wazee na maulamaa wa koo tofauti wanaombwa watoe kauli moja dhidi ya mechi za koo, na waifikishe kwa ndugu zao wa Eastleigh na Minneapolis, ambako zawadi nyingi zaidi zinaweza kununuliwa.

Ahadi hii isiwaguse wafanyabiashara, kwa kuwa mama anayeuza nguo au maziwa ya ngamia kwa njia ya mtandao anaihitaji tarakimu kama anavyohitaji kibao cha duka. Isigeuzwe pia kuwa kamba ya kuwafunga wasichana midomo. Hatari hiyo ni ya kweli, kwa sababu katika mazungumzo mengi ya maadili ya mtandao lawama humwangukia binti aliyeonekana na kumwacha mvulana aliyemtukana chini ya picha yake; kwa hiyo inapendekezwa kwamba madarasa ya wavulana yaanze, na kwamba matusi, ambayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inayaita unyanyasaji yanapomlenga mtu na kumtia hofu, yahesabiwe kuwa uvunjaji mkubwa wa ahadi kuliko picha yoyote. Marufuku ya serikali yana nafasi yake ya kujadiliwa: Somalia ilitangaza kuifunga TikTok Agosti 2023, mwezi ambao ombi la namna hiyo lilifikishwa pia katika Bunge la Kitaifa la Kenya, na Australia ilipitisha Novemba 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao ya kijamii. Lakini hakuna marufuku ya aina hiyo yanayozifikia picha za misaada, wala yanayomfundisha kijana wa miaka 20 jinsi ya kuitazama picha yake bila tarakimu.

Mkutano wa kwanza hauhitaji bajeti ya kaunti. Bodi ya shule moja katika wadi ya Iftin au Galbet mjini Garissa, au katika mji wa Wajir au Mandera, inaweza kuwaita wazazi, walimu wa ushauri nasaha na viongozi wa wanafunzi Jumamosi moja kabla ya likizo ya Agosti, ikamchagua mwenyekiti asiyegombea kiti chochote, na kuamua mambo matatu tu: darasa litakaloanza, siku ya kuficha tarakimu, na majina ya watakaorudi shule zikifunguliwa kuwauliza wanafunzi wenyewe, bila walimu kuwapo, ni nini kilichobadilika.