Ndizi Mbivu: Mtoto Kwanza, Pombe Baadaye



Kila familia yenye kibanja, iwe Bukoba au Muleba, inaijua hali hii. Mkungu wa kisukari umetundikwa jikoni. Jumatano ndizi zote bado ni mbichi. Ijumaa chane mbili zimegeuka njano. Jumapili mkirudi kutoka Misa mkungu mzima umeiva kwa pamoja, ndizi zinadondoka zenyewe na vijidudu vinaruka juu yake. Nyuma ya nyumba kuna mapapai yaliyopasuka, ndege wanayagombania. Ndipo mama husema, "Wapelekeeni nguruwe." Na baba, akiona ndizi ni nyingi, huwaza rubisi.

Hatuna ugomvi na nguruwe, maana naye hulipa ada ya shule. Wala hatujasahau kwamba rubisi ina mahali pake katika harusi zetu. Ugomvi wetu ni juu ya foleni. Katika nyumba hiyohiyo kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mchana amepewa ndizi za kupikwa na mchuzi wa maharage, jioni atapewa hizohizo, na kesho vivyo hivyo. Yeye ndiye aliyewekwa mwisho kwenye foleni ya matunda.

Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mkoa wetu wa Kagera ulikuwa juu ya wastani huo. Mkoa wenye mvua, ziwa na migomba hadi mlangoni! Tunajua kudumaa kuna sababu nyingi: malaria, kuhara, mimba za karibukaribu, mama kutokula vizuri akiwa mjamzito. Papai peke yake haliwezi kuondoa hayo yote. Lakini kumnyima mtoto papai lililoko nyuma ya nyumba hakuna sababu yoyote, isipokuwa mazoea yetu kwamba chakula ni kile kilichotoka kwenye chungu, na tunda ni la kuchezea.

Tunda lililolainika sana lina faida moja kubwa: halihitaji meno wala kuni. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kulila, huku akiendelea kunyonya. Chukua kipande cha papai lililoiva, ongeza parachichi kiasi cha kijiko kimoja au viwili, ponda pamoja kwa uma safi. Rangi ya papai na ya embe ndiyo inayoupa mwili vitamini A, ya kulinda macho na kupigana na magonjwa. Mafuta ya parachichi huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Ni chakula ambacho hata bibi aliyebaki na wajukuu anaweza kukiandaa kwa dakika tano. Ale palepale, usimwekee hadi jioni.

Ndizi yenye madoa meusi kwenye ganda nayo haijaoza. Wanga wake umegeuka kuwa sukari, basi. Iponde, mpe mtoto. Mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, hata hivyo, asiachiwe chane nzima ya ndizi hizo eti kwa sababu ni "matunda tu".

Na kuhusu pombe tuseme wazi. Omulamba, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka, mtoto mkubwa anaweza kuonja, ingawa ndizi yenyewe ni bora zaidi. Lakini rubisi, hata kikombe kidogo "ili alale", si ya mtoto kamwe. Tumeiona desturi hiyo katika nyumba za watu wema kabisa, waumini wazuri, na inatusikitisha. Gongo hatuizungumzii; sheria imekwisha kuizungumzia.

Sasa tahadhari, kwa sababu si kila tunda laini ni la kuokoa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua, sita wakafariki, na ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Januari 2025 ulitokea tena mkoani mwetu, safari hii Biharamulo. Wataalamu wanajua kwamba virusi hivyo huishi ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Hatusemi kwamba msiba wa 2023 uliletwa na tunda. Tunasema popo hula usiku, hupenda tunda lililoiva kuliko lililo bichi, na huacha mate yake pale alipong'ata. Kwa hiyo embe, papai au pera lenye alama ya meno halikatwi upande na kuliwa upande wa pili. Lifukieni. Mkiona papai limeanza kugeuka njano mtini, lichumeni jioni kabla giza halijaingia, liivie ndani. Lililo zima lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa. Watoto ndio waokotaji wakubwa alfajiri chini ya miti. Waelezeni hao kwanza.

Kuna pia ndizi zinazoiva kabla ya wakati wake, moja moja na bila mpangilio, na ukikata ndani unaona rangi ya kutu. Hiyo si baraka. Ni mnyauko, ugonjwa uliotufikia Kagera mwaka 2006 na kuvifilisi vibanja vingi. Mkungu wa namna hiyo usipelekwe kwa jirani wala sokoni, hata kwa bei ya bure. Ufukieni palepale, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ama tunda au nyanya iliyoota ukungu, msiikwangue juu mkala iliyobaki, maana ukungu umekwisha kupenya ndani.

Nyanya zilizolainika bila ukungu ziende kwenye maharage leo, si kesho. Vitabu vingi hushauri kukausha matunda juani. Waandishi wake labda hawajafika Bukoba, ambako mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka na ndizi huota ukungu juu ya mkeka. Sisi tunapenda zaidi njia ya jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula, wanayoiita kabalagala. Ponda ndizi ndogo tamu zilizoiva mno bila kuongeza maji, tia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge lishikamane, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga katika mafuta ya moto. Chane mbili hutosha familia nzima, na zinazobaki watoto huenda nazo shuleni Jumatatu.